Utalii wa Kosta

Kuna watu wakikuona Jumamosi umekaa barazani, bukta na singilendi, mguu juu ya kiti, huna unalofanya, roho inawauma kabisa. Shemeji yangu ni wa kundi hilo. Akiingia kwangu, kabla ya salamu haijakauka anauliza, "Shem, wikendi mnakwenda wapi?" Ukimwambia tunapumzika, anakutazama kwa huruma halafu anaanza mahubiri ya utalii wa ndani. Wazungu wanavuka bahari kuja kuona wanyama, sisi tunaoishi Arusha, wanyama wako nyuma ya nyumba, tunashinda tunaangalia mpira wa Waingereza!

Nikamwambia hao Wazungu wakishuka kwenye ndege wanapokewa na gari. Mimi nani atanipokea?

"Kosta zipo," akasema.

Na dada yake, yaani mke wangu, akacheka kile kicheko chake cha kukubali. Nikajua wikendi imeshauzwa na mwenye mali sikuulizwa.

Mpango ukawa Ziwa Manyara. Tunapanda Kosta ya Karatu, tunashuka Mto wa Mbu, tunapiga kambi, kesho yake hifadhini, Jumapili nyumbani. Hema aliazima kwa rafiki yake mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Lilikuwa limeshakula chumvi nyingi hilo hema, zipu imekufa kuanzia katikati, fito moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Limeandikwa "watu wawili". Sisi tulikuwa wanne: mimi, Mama Neema, kijana wetu wa darasa la tatu, na mwenye mahubiri. Neema mwenyewe, ambaye kwenye nyumba ile ndiye aliyebarikiwa akili, alisema ana majaribio Jumatatu.

Mama Neema akafungasha. Sufuria kubwa na ndogo, jiko la mkaa, mkaa wenyewe, mchele, maharage yaliyokwisha chemshwa, ndoo yenye kifuniko, kanga za kutosha kusitiri kijiji. Kaka yake akapiga kelele, "Dada, hii ni kempu, siyo msiba!" Mama Neema akamwuliza huko kempu watu hawali? Akajibu kuna watu wanakula biskuti. Dada yake hata hakupoteza muda kumjibu, akaongeza mwiko.

Stendi mnaijua. Wapiga debe walitupokea tukiwa bado mbali, ndoo ikapelekwa gari hili, mkaa gari lile, mtoto karibu achukuliwe kwenda Babati. "Karatu, Karatu, bado siti mbili tunaondoka!" Siti mbili hizo sijawahi kuziona zikijaa tangu nizaliwe. Konda alipoliona hema akadai nauli yake.

"Hili nalo abiria."

"Hilo ni begi," shemeji akasema.

"Begi gani lina miguu?"

Fito zilikuwa zimechomoza, na kweli ubishi hapo haukuwa na mashiko. Nikalilipia. Lakini angalieni: hema limelipiwa nauli, bado likawekwa katikati ya mapaja yangu, na mimi niliyelipia siti nikapewa kigoda kwenye njia. Mama mmoja aliyekuwa na boksi la vifaranga akaona nina mikono inayokaa bure, akasema, "Baba, nishikie kidogo nimnyonyeshe mtoto." Kidogo hicho kilitufikisha Makuyuni. Vifaranga mia vinalia "chwi, chwi" chini ya kidevu, joto lao linakupanda usoni, na harufu, jamani, harufu.

Mbele kidogo ya Kisongo konda akapaza sauti, "Trafiki! Waliosimama chuchumaeni!" Baba mzima mwenye suti, naona alikuwa anakwenda ukweni, akachuchumaa akanikumbatia goti. Tukatazamana. Hakuna salamu iliyotungwa kwa hali ile.

Sasa sikilizeni. Baada ya Makuyuni Kosta ikakata kulia, ikaiacha barabara ya Dodoma, na pale pembeni, hatua chache kutoka lami, wamesimama twiga. Wakubwa, wanatafuna. Mbele yao pundamilia wamechanganyika na mbuzi wa Wamasai, na mchungaji kaegemea fimbo, hana habari nao. Eneo lile wanyama wanapita kati ya Tarangire na Manyara tangu enzi, na lami wameikuta tu. Ndani ya Kosta wote wamelala. Aliye macho alikuwa mmoja anayegombana na simu juu ya bei ya mahindi, na konda anayehesabu noti. Nikamgusa shemeji nikamwambia, twiga hao hapo, na pundamilia, nauli tumeshalipa, si tugeuze?

Akafungua jicho moja. "Hao hawahesabiki, shem. Hao ni wa barabarani."

Mto wa Mbu tukashuka katikati ya wauza ndizi. Zile nyekundu, nene, tamu, hapo sina lalamiko na mtu asiniulize. Mama Neema akanunua mkungu mzima. Mbu wenyewe sitawasema, mji umeshawasema.

Kambini unalipia kulala, kwa kichwa, na hema ni lako mwenyewe. Yaani nililipia kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mlango, na asubuhi hupewi hata hati. Jirani zetu walikuwa wageni, mzee na mkewe, wametoka Uholanzi. Yule mzee akalitoa hema lake kwenye mfuko, akalirusha hewani, likatua likiwa limesimama, akaenda kunywa chai. Shemeji alianza la kwetu wakati huo huo. Jua likazama anabishana na fito. Vigingi vikapungua kimoja, akatafuta jiwe, pale hakuna mawe. Mwisho kamba ya pembe ya nne ikafungwa kwenye mkono wa sufuria kubwa, lile la maharage, kwa kuwa ndicho kitu kizito tulichokuwa nacho. Kwa hiyo chakula cha jioni kikaliwa hivi: Mama Neema akiinua sufuria apakue, paa linalala, akilirudisha, paa linasimama. Mtoto alifurahi mno, akaomba nyongeza ambayo najua hakuwa na njaa nayo.

Usiku. Nauliza kwa heri tu, ni mila gani ya kabila gani inayoruhusu mtu na shemeji yake walale hema moja, kisigino cha huyu kwenye sikio la yule? Tulipangana kwa heshima: dada mtu ukingoni, mtoto, mimi, kisha yeye mlangoni, kwa sababu alisema atatulinda. Alilinda kwa kukoroma. Vyura wa kwenye majaruba ya mpunga walianza, wakamsikia, wakanyamaza, wakaona hapa wamezidiwa. Saa nane mtoto akataka kukojoa. Kutoka ni lazima kumvuka mlinzi, na zipu inafunguka nusu tu, basi unatoka kichwa kwanza ukitambaa, na nje mbu wamepanga foleni. Tukarudi, mtoto akasema sasa ana kiu.

Asubuhi ndipo ilipojulikana kwamba mtaalamu wetu hakuwa amesoma kitu kimoja kidogo: mle hifadhini huingii ukazurura kwa miguu yako. Unatakiwa gari. Alidhani Kosta itatushusha, tutembee na sufuria yetu katikati ya simba! Kiingilio hakina ubishi, Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo ukikilinganisha na dola za mgeni. Ila gari la kukodi halijui uraia. Mwenye gari hakuulizi pasipoti, anakutajia bei akiangalia pembeni. Tungerudi nyumbani hapo hapo kama si kundi la walimu waliokuwa na nafasi kwenye Land Cruiser yao, tukachangishana, tukajibana.

Na mimi mtu wa haki, nitasema ukweli: ndani pazuri. Unaingia tu kwenye msitu wa mikuyu mirefu, kijani kibichi, na nje ya geti nchi imekauka. Dereva alisema maji yanatoka chini ya ule ukuta wa Bonde la Ufa, chemchemi, ndiyo maana msitu haungoji mvua. Nyani wamekaa barabarani familia nzima, wanachambuana kichwani, gari linawasubiri wao. Tembo wakatokea upande wa kwangu, kimya kabisa, mnyama ana tani kadhaa na husikii jani. Dereva akasimulia kwamba miaka ya 1960 mtafiti Iain Douglas-Hamilton aliishi humu akiwatambua tembo mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao. Mama Neema akanigeukia mbele ya walimu.

"Unasikia? Wewe watoto wa dada yako unawaita wote 'we kijana.'"

Ziwa lenyewe ni pana, la magadi, halina kina, na flamingo walikuwa mbali, mstari tu wa waridi unaotetemeka kwenye joto. Shemeji aliupiga picha mstari huo hadi simu ikazima.

Tatizo ni simba. Simba wa Manyara wana sifa dunia nzima ya kupanda miti, na hifadhi ilitangazwa mwaka 1960, kwa hiyo wamekuwa na muda wa kutosha wa kujifunza kukaa panapoonekana. Dereva akasimamisha gari chini ya mti, akanong'ona, "Mkia ule pale." Watu wote kichwa juu. Mimi naona mti. Mwalimu mmoja akasema, "Naam, namwona, dume." Mwingine akaona wawili. Shemeji akaona na mtoto wake. Nikamwuliza kijana wangu, wewe umeona nini? Akasema, "Tawi, baba." Nikampa ndizi. Mpaka leo kwenye simulizi za shemeji wako watano na mmoja alinguruma.

Tukarudi kambini tukakuta tumbili. Alikuwa ameingia kwa ile zipu mfu, ametoa mkungu wote, yeye na wenzake, wamekaa juu ya ndoo wanamenya kwa utaratibu kabisa, ganda huku, nyama huku. Mmoja, dume, hakukimbia hata tulipofika. Alinitazama usoni akitafuna, akaweka nusu ya ndizi shavuni kwa ajili ya baadaye, akageuka. Mtoto akaniuliza kwa sauti iliyofika kwa Waholanzi, "Baba, mbona huyu tumbili huku chini ana rangi ya buluu?" Nikamwambia amuulize mjomba wake, yeye ndiye wa utalii wa ndani.

Wakati mjomba anatafuta jibu, tumbili mwingine alilifuata sufuria. Akafunua kifuniko, akaonja maharage, hakuyapenda, akalisukuma. Sufuria likapinduka, kamba ikalegea, hema likamwangukia tumbili wa tatu aliyekuwa bado ndani. Basi hema likaanza kutembea. Lilikwenda mpaka kwenye bomba la maji, likarudi, likagonga mti. Mzee wa Kiholanzi alikuwa hifadhini na lenzi ndefu siku nzima, lakini nawaambia, picha alizozipiga pale ndizo atakazowaonyesha kwao.

Jumapili, kurudi. Kosta zinazotoka Karatu zinapita Mto wa Mbu zimejaa mpaka mlangoni, konda anakupungia mkono kwa upole na kukuacha. Tukasimama juani na ndoo yetu, jiko letu, hema letu limechanika ubavuni. Mama Neema, mtu wa mjini, akatoa amri: tunageuza nayo. Wanaojua usafiri wanaelewa. Unapanda gari linalokwenda kule usikokwenda, unalifuata hadi mwisho, unalipa, na likigeuka wewe umeshakalia siti. Tukapanda ya kwenda Karatu.

Na ile barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona, Kosta inaguna kwa gia ndogo. Nilikuwa dirishani, siti yangu halali, bila kifaranga hata mmoja. Nikageuza shingo. Ziwa lote lile chini, kutoka mwanzo hadi linapopotelea kwenye ukungu, kingo nyeupe za magadi, msitu umelala ukingoni wa kijani, na mbuyu umesimama karibu na barabara. Bei yake nauli ya Mto wa Mbu hadi Karatu. Hakuna kiingilio, hakuna Land Cruiser, hakuna mtu wa kunionyesha mkia. Nikataka kumwamsha shemeji ajionee.

Alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kwenye bega la mwanamke asiyemjua.

Nikamwacha.

Jumatatu asubuhi simu ikalia, nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa "Momella Pamoja". Ni yale maziwa ya Hifadhi ya Arusha, na shemeji ameandika kwa herufi kubwa kwamba kule unaruhusiwa kutembea kwa miguu, mradi mna askari mwenye bunduki. Mama Neema ameweka vidole gumba vinne. Mimi wameniteua mweka hazina bila kikao. Nikampigia mpagazi nimrudishie hema lake walau safari ifie hapo. Akasema hapana kaka, kaeni nalo tu, mimi nilipolitoa nilikuwa nalitupa.