Walivyonisoma Kifuani

Kabla ya kwenda sinema nilipiga simu. Mtu ambaye magoti yake yamestaafu kabla yake haendi mahali kwa kushtukiza. Anauliza kwanza, anauliza tena, halafu anaomba azungumze na mwingine. Kijana aliyepokea alikuwa mchangamfu ajabu.

"Shikamoo mzee. Hakuna shida kabisa, kiti cha magurudumu kinaingia. Karibu sana!"

"Marahaba. Ngazi je?"

"Ngazi hakuna." Akafikiri kidogo. "Labda ile moja ya mlangoni. Halafu ukumbi wenyewe uko chini."

Sikumlaumu. Wenye miguu mizima si waongo, ngazi ndizo hawazioni. Mtu anaweza kupanda ngazi nne kila asubuhi kuingia kazini kwake na bado akakuapia kwamba pale ni tambarare. Na la ukumbi kuwa chini halina mjadala, maana sinema yenyewe ilizaliwa chini. Desemba 28, 1895, ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, walipowaonyesha watu wa Paris filamu zao kwa kiingilio, ilikuwa kwenye chumba cha chini ya mkahawa. Wenye majumba madogo ya sinema wanaienzi sana historia hiyo.

Basi nikavaa shati langu jeupe, la kutokea, nikaenda. Ilikuwa filamu ya zamani ya lugha ya kigeni, yenye maandishi ya tafsiri chini ya skrini, na walikuwa wanaionyesha kwa mkanda halisi wa milimita 35, mashine mbili zikipokezana. Majumba ya namna hiyo yamebaki machache, ndiyo maana mtu unakubali kuteseka.

Ile ngazi moja ya mlangoni ilikuwa na kimo cha sentimita 20 hivi. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo pale palihitajika ubao wa karibu mita mbili na nusu. Wao walikuwa na mlango wa kabati. Bawaba zilikuwa bado zinaning'inia. Vijana wawili wakashika kiti changu kwa nyuma, wakahesabu "moja, mbili," na ile tatu sikuisikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia ndani, nimelipita dirisha la tiketi, nimepunguzwa kasi na rafu ya vipeperushi.

"Umeona, mzee?" akasema mmoja. "Unaingia vizuri tu."

Sasa lifti. Usifikirie chumba chenye milango na kioo cha kujitazamia. Hii ilikuwa jukwaa dogo la chuma lenye kingo za kufika kiunoni, linaloshuka kutoka mlango wa ubavuni hadi mbele kabisa ya ukumbi, pembeni mwa skrini. Sakafu za sinema zina mwinamo, na penye usawa ni huko mbele tu, kwa hiyo sisi wa magurudumu hupelekwa huko. Nimeshayajua matundu ya pua ya waigizaji wengi mashuhuri.

Tukaikuta lifti ina watu. Yaani mtu mmoja, wa kadibodi, amevaa koti refu, ameshika bastola, na amezungukwa na maboksi ya mabango, ndoo, na ufagio. Wakamtoa kwa heshima kuliko walivyonisukuma mimi. Kisha ikabainika kuwa ufunguo wa lifti anao fundi wa mashine, na fundi wa mashine yuko juu anaanzisha filamu. Ilibidi tumngoje aianzishe, huku muziki wa mwanzo ukinifikia ukutani.

Akaja mbio, mtu wa makamo mwenye miwani kichwani na nyingine machoni. "Nina dakika ishirini," akasema, na alikuwa na maana yake. Gurudumu moja la mkanda lina kama mita 600, na kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde linaisha kwa dakika ishirini na ushee. Likiisha, lazima mtu awepo kuiwasha mashine ya pili. Akanifungulia, akanionyesha kitufe. "Bonyeza, usiachie. Ukiachia inasimama."

Ni kweli, zimetengenezwa hivyo kwa usalama. Nikabonyeza. Lifti ikaguna, ikafikiri, ikaanza kushuka kwa mwendo wa kinyonga, mimi nikiwa nimewakabili watazamaji wote, nimemulikwa uso mzima. Nikawapungia. Nusu ya njia ikatoa mlio mmoja mfupi, ikasimama. Kitufe nilikuwa nimekibonyeza mpaka kucha imebadilika rangi.

Kwanza watu hawakusema kitu, wakidhani ni sehemu ya filamu. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Kichwa!"

Nikageuka. Kwenye kona ya chini ya skrini palikuwa na kivuli cha kichwa changu, masikio yote mawili, na mbele ya kivuli hicho bibi arusi alikuwa analia. Nikainama. Kivuli kikainama. Ikawa vibaya zaidi, maana sasa ilionekana kama namnong'oneza bibi arusi kiunoni.

"Mzee, kaa wima! Kaa hivyohivyo!" Alikuwa bibi mmoja wa safu ya pili. "Maneno yako kwako!"

Nikajitazama. Mwanzo wa kila sentensi ulikuwa unaangukia kwenye shati langu, kutoka bega la kulia hadi kushoto, herufi zimesimama safi kabisa. Mwisho wa sentensi ulibaki kwenye skrini. Ukumbi mzima ukaanza kunisoma. Nikivuta pumzi, maneno yanavimba. Nikikohoa, wanakosa mstari. Bwana mmoja aliomba kwa adabu ninyooshe shati, kuna mkunjo umemeza jina la mtu. Nikanyoosha. "Ahsante," akasema, "kumbe ni shemeji yake!" na safu nzima ikaguna kwa mshangao.

Huku chini fundi alikuwa ameshachomeka mpini wa dharura na kuzungusha. Lifti za aina ile hushushwa kwa mkono umeme ukigoma, ila kila mzunguko unakushusha kiasi ambacho hata sisimizi asingekiona. Akazungusha, akabadilisha mkono, akabadilisha miwani, akazungusha tena. Tulikuwa tumeanza kupatana kabisa, akinieleza habari za mgongo wake, nami za magoti yangu, niliponyanyua macho nikaona kidoti cheusi kikitokea na kupotea kwenye kona ya juu kulia ya skrini.

Wapenzi wa mikanda tunakijua. Kidoti cha kwanza ni cha kumwambia fundi awashe mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye kinakuja cha pili, hapo anabadilisha.

"Fundi," nikasema. "Kidoti."

Akanitazama. Akaitazama skrini. Aliuachia mpini, akaondoka akipanda ngazi mbilimbili, huyo mtu aliyekuwa ananilalamikia mgongo. Kidoti cha pili kilimkuta ngazini. Mkanda ukaisha, skrini ikawa nyeupe tupu, na katikati ya mwanga ule wote nimebaki mimi.

Makalio yalikuwa yanawaka moto. Nikashika kingo, nikasimama kidogo kuyapumzisha. Naweza kusimama dakika moja au mbili, wengi wetu tunaweza, lakini watu wanaamini kiti kikishakubeba basi miguu hukatwa. Kivuli changu kikapanda hadi dari. Ukumbi ukashikwa na butwaa, kisha mtu akalia: "Anasimama!" Wakapiga makofi. Mama mmoja alisema amina. Nikakaa haraka, kabla hawajatoa sadaka.

Filamu iliporudi, fundi alikuja kumalizia kunishusha, na hapo ndipo ubishi ulipotokea. Safu za mbele walisema niachwe hapohapo, wamekwisha kunizoea. Za nyuma walitaka skrini yao. Fundi hakumsikiliza mtu, alikuwa na dakika zake ishirini. Nilitua sakafuni wakati mwanamume mmoja anapanda treni na mwanamke anakimbia kando ya reli, maandishi ya mwisho yakapita, taa zikawashwa.

Nami sikuwa nimeelewa chochote. Sehemu kubwa ya hadithi ilipita kifuani kwangu, na mimi peke yangu ukumbini nilikuwa naisoma kichwa chini miguu juu. Nikamgeukia yule bibi wa safu ya pili.

"Samahani mama, hivi yule bwana atarudi kwa mkewe?"

"Harudi. Si alisema."

"Alisema lini?"

"Ulisema wewe," akanijibu, akaninyooshea kidole kifungo cha pili. "Hapo."