Waambieni Watakachoulizwa

Jumanne asubuhi nilikuwa ndani ya basi hapa Leicester, barua pepe ikaingia. Kampuni niliyoomba kazi ya kuandika programu inaniita kwenye usaili. Nimeisoma barua ile mara tatu kabla ya kushuka. Wametaja watu wawili watakaoniuliza, na kila mmoja anafanya kazi gani. Usaili ni wa dakika 60: dakika 10 za kujuana, dakika 35 za kutatua tatizo moja kwenye kompyuta, zinazobaki ni zangu mimi kuwauliza wao. Nitumie lugha yoyote ya programu ninayoimudu. Wanataka kusikia ninavyofikiri, hata nisipomaliza. Mwisho wakaniuliza kama kuna kitu ninachohitaji ili siku hiyo nisipate tabu.

Swali hilo la mwisho halitoki kwenye hisani tupu. Hapa Uingereza kuna Sheria ya Usawa ya 2010, inamtaka mwajiri amwondolee vikwazo mwombaji mwenye ulemavu hata siku ya usaili. Mimi sina ulemavu, ila nimeulizwa kama wengine, na lile swali limenituliza.

Nikakumbuka usaili wangu wa kwanza. Nilipigiwa simu Alkhamisi alasiri, nikaambiwa Jumamosi niwe Unguja. Mnaosafiri kwa boti kutoka Mkoani, kwetu Pemba, hadi bandari ya Malindi, Unguja, hamhitaji nieleze. Ijumaa usiku, kwa shangazi yangu Kikwajuni, sikufungua daftari hata moja, maana sikujua nifungue lipi. Nilipiga pasi baibui, nikapanga nakala za vyeti, na shangazi akashinda kwenye simu akitafuta mtu anayemjua mtu. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi, na kwa mapenzi yake yote shangazi hakuwa na jengine la kunisaidia. Jumamosi nikakaa kwenye benchi tangu saa 2 asubuhi, nikaingia saa 9 mchana, sijala. Watu watano wamejipanga mezani, hakuna aliyetaja jina lake. Swali la kwanza: taja aina za kompyuta. La pili: Pemba sehemu gani, na mtoto wa nani. La tatu: seva ikizimika ghafla utaanza na nini. Hilo la tatu nilikuwa nalijua, nilishalifanya kwa mikono yangu, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikiamini mimi ni mwoga. Nyumbani wakinambia, una haya nyingi, jikaze. Huku ndiko nilikokuja kufahamu kuwa haikuwa haya wala woga wa kuzaliwa nao. Mtu hatulii mbele ya kitu asichoambiwa. Mpe majina, mpe muda, mpe mada, atatulia mwenyewe, kwa sababu sasa ana pa kushika.

Nayaandika haya leo kwa sababu ya simu ya juzi. Mtoto wa ami yangu yuko Wete, kamaliza stashahada ya mambo ya kompyuta, kaitwa usaili Unguja. Baada ya shikamoo tu: "Dada, unamjua mtu pale?" Nikamuuliza, watakuuliza nini? "Hawakusema." Basi wapigie uwaulize usaili utakuwaje, wa maneno au wa kompyuta, na juu ya mambo gani. Akanyamaza. Kisha akasema: "Dada, wataniona mjuaji."

Hapo nikapandwa na hasira, wala si juu yake yeye. Kijana wa miaka 23, anajua kazi, anaogopa kuuliza kitu cha haki yake. Na sikuweza kumwambia anakosea kuogopa, kwa sababu nimekaa kwenye lile benchi na najua kuna ofisi ambazo kweli zingemwona mjuaji.

Najua litakalosemwa. Kaondoka juzi na leo anatufundisha. Kazoea baridi, kasahau jua. Yakhe, sijasahau kitu. Mama yangu yuko Wete mpaka leo, na kila shida inayofika pale inafika kwenye simu yangu siku ile ile. Nikisema jambo la nyumbani, nalisema kama mtoto anayetaka paa la kwao lisivuje. Wala sisemi watu wa huku wana akili kuliko sisi. Barua niliyopokea haina mtambo ndani yake, haitaki mkopo wala mfadhili. Ni mistari kumi na mbili. Karani yeyote wa Chake au Mjini anaweza kuiandika kwa robo saa kwa Kiswahili kizuri kuliko Kiingereza cha hiyo yangu.

Wengine mtasema, ukiwaambia mapema wote watafaulu, sasa utamchagua vipi? Lakini mimi sikupewa swali, nimepewa mada. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua mtihani wa hesabu ni siku gani, saa ngapi, na unatoka kwenye silabasi ipi, na hakuna anayesema mtihani umevuja. Niambie kuwa utaniuliza juu ya kutafuta jina kwenye orodha. Bado lazima nijue kuwa orodha ya majina 1,000,000 ikishapangwa kwa alfabeti, ukikata nusu kila mara, hatua 20 zinatosha kulipata jina au kuhakikisha kuwa halimo. Na lazima nijue kuwa orodha isiyopangwa haikatiki hivyo. Asiyejua hatakuja kujua kwa kuambiwa mada. Anayejua atakuonyesha anachojua, badala ya kukuonyesha anavyotetemeka. Wewe mwajiri unataka kununua kipi kati ya hivyo viwili?

Na yule atakayesema huko nako kuna ubaguzi, nasema kweli upo. Nimetuma maombi mengi ambayo hayakujibiwa hata kwa mstari mmoja, na yapi yalikwama kwa uwezo wangu na yapi kwa jina langu, sitajua. Barua moja nzuri haifuti hayo.

Na asije mtu akasema nimeidharau dua. Usiku wa kuamkia usaili wowote mama husoma Yasin kwa niaba yangu, nami sitoki nyumbani bila kuomba radhi zake. Ninachokikataa ni kumwachia mama kazi yote.

Basi nimejiandaa vipi? Nimekata siku tisa. Kila siku tatizo moja tu, la pili nikiwa na nafasi, kwa sababu zamani nilikuwa nikibugia matatizo kumi usiku mmoja na asubuhi sikumbuki hata moja. Kabla ya kuandika chochote najiuliza kwa sauti: data ni nyingi kiasi gani? Imepangwa? Ikiwa tupu? Kuna inayojirudia? Halafu nalifanya kwa njia ya kijinga kwanza, ile inayopitia kila kitu kimoja kimoja, ilimradi ifanye kazi. Nikishakuwa na jibu linalosimama ndiyo natafuta la haraka. Saa ya simu naiweka dakika 35. Pembeni nina daftari lenye visa vitano vya kazi zangu mwenyewe: kulikuwa na shida gani, mimi nilitakiwa nini, nikafanya nini, ikaisha vipi. Kimoja ni cha kosa nililolifanya mimi, na nimekiandika bila kujificha, kwa sababu hilo huulizwa karibu kila mara. Siku ya mwisho sisomi. Napima kamera na maiki, naweka maji mezani, nalala mapema.

Hiyo sauti sasa. Huku wengi huona tabu sana kufikiri kwa sauti mbele ya mgeni. Mimi sikuona tabu, na nilipojiuliza kwa nini, jibu nikalikuta Wete, kwenye jamvi la chuo cha Kurani. Tulisoma kwa sauti watoto arubaini, kila mmoja na sura yake, kisha unaitwa mbele ya maalim peke yako. Ukikosea anakusimamisha pale pale, unarudi nyuma kidogo, unaendelea. Kusema huku mtu anakusikiliza akingojea kosa lako, kurekebishwa na usivunjike, hilo nimelijua kabla sijajua kompyuta ni nini. Tumelelewa na usaili tangu tuna miaka mitano! Ndiyo maana naumia. Watoto waliolelewa hivyo wanapelekwa mbele ya meza wakiwa mabubu, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia leo ni sura gani.

Maana maalim alikuwa akisema. Kesho utanisomea Amma kuanzia hapa mpaka hapa. Kila siku alisema.

Kijana wetu hatimaye alipiga simu. Akajibiwa: njoo na vyeti halisi na nakala tatu. Basi. Akaniletea habari kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, nami nikamwambia afungue tangazo la kazi anisomee neno kwa neno. Kwenye mstari wa nne kuna hifadhidata na SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Nikamwambia, wamekwambia, ila hawakujua kama wanakwambia.

Jana saa 3 usiku kwake, saa 1 jioni kwangu, tukafanya mazoezi. Nikampa majedwali mawili: moja la wakulima wa karafuu, jengine la mizani, kila mzigo uliopimwa na kilo zake. Nikamwambia, nitolee kila mkulima na jumla ya kilo zake. Akanyamaza dakika nzima. Nikamwambia, sema, hata kama ni upuuzi sema, mimi ni maalim na wewe uko jamvini. Akaanza pole pole. Akauliza, aliyeleta mara tatu anahesabiwa mara moja? Nikasema ndiyo, jumlisha. Akauliza, na ambaye mwaka huu mikarafuu yake haikuzaa, hakuleta hata kilo? Nikamuuliza, wewe unaonaje? Akasema huyo nikiunganisha majedwali kwa njia ya kawaida atapotea, na yeye ni mkulima vile vile, jina lake lazima litoke, lioneshe sifuri. Kwa hiyo naanzia kwa wakulima, naunganisha kwa LEFT JOIN, wasio na mzigo wabaki.

Hilo ni swali ambalo watu wenye uzoefu wa miaka huteleza nalo, na yeye kaliona kwa sababu baba yake amewahi kuwa mkulima huyo. Kesho tunaendelea saa ile ile. Nimemwomba aje na maswali matatu ya kuwauliza wao.