Kufuma, Kufumwa, Kufumuliwa

Nilitimiza miaka 50 Jumamosi moja ya Novemba 2019, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mkono wangu wa kuume ukiwa umefungwa kwa uzi mwekundu na ncha ya pili ya uzi huo ikiwa mapajani mwa mama yangu. Wageni walikuwa kama sitini. Waliokuwa na chaji kwenye simu walipiga picha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu, na maradhi yangu ni kufuma. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua ikishanyesha jioni, ubaridi wa ziwani unapanda milima pamoja na sisi. Mtoto akizaliwa hapa anavikwa kofia ya lene, soksi za lene na blanketi la lene juu yake, utadhani kesho anasafiri kwenda Ubelgiji. Lene ndizo nyuzi za kufumia, kwa wasiopita huku. Na triko, yaani sweta, kwetu tunaiita mupira. Siku moja nilimwambia shemeji yangu wa Kigoma kwamba ninafuma mupira. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Shemeji, mipira ya kwenu haijazwi upepo?"

Mfumaji wa Bukavu hana wateja, ana madeni. Hakuna anayekuja na pesa. Wanakuja na neno moja tu: kamoja. "Mwalimu, utanifanyia kakofia kamoja." Ilipofika Septemba 2019 nilikuwa nadaiwa kofia nne za watoto wachanga, ambao wawili kati yao walikuwa wameshaanza kutembea. Nilikuwa nadaiwa shali ya mama mkwe, anayeishi Uvira. Na nilikuwa nadaiwa shali ya mama yangu mzazi, niliyoiahidi mwaka 2016. Mama mkwe alikuwa ameomba juzijuzi tu, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Shali yake nikaitanguliza. Mama yangu aliiona kwenye kikapu, akaipapasa, akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Akasema, "Aa. Vizuri." Ningekuwa na akili ningeogopa siku ile ile.

Mwezi huohuo wa Septemba serikali ikaanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure. Jambo jema, silipingi. Ila darasa langu la watoto 52 liliamka wiki moja lina watoto 94. Benchi la watatu likakaliwa na watano, na wa sita akasimama nyuma akisubiri mmoja aombe ruhusa ya kwenda chooni. Imla moja tu ilinipa karatasi 94 za kusahihisha. Na katikati ya gharika hiyo ndipo nilipochagua kusimama mbele ya wanawake kumi na wawili wa likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, na kutangaza kwamba siku ya kutimiza miaka 50 nitavaa triko niliyoifuma mwenyewe. Walipiga makofi. Sijui kwa nini nilifungua mdomo.

Nyuzi nilizinunua sokoni Kadutu, nyekundu kama pilipili. Muuzaji aliapa kwamba ni manyoya halisi ya kondoo wa Ulaya. Nilipofika nyumbani nikachoma ncha kwa mshumaa. Manyoya ya kondoo yakiungua yananuka kama nywele na kuacha jivu linalosagika kidoleni. Uzi wangu ulijikunja, ukatoa harufu ya sahani ya plastiki na kuacha kipunje cheusi kigumu kama punje ya mtama. Akriliki tupu. Nikacheka, nikasema rangi ni nzuri, tuendelee.

Nilifuma kila mahali. Nilifuma kwenye taksi kutoka nyumbani hadi Nyawera, nikamchoma sindano kiunoni abiria mmoja ambaye, kwa ukarimu, aliomba samahani yeye. Nilifuma foleni ya maji. Nilifuma wakati darasa likinakili hesabu ubaoni, na ndipo mkuu wa shule aliponifuma nikifuma. Alisimama mlangoni muda mrefu. Nikatoa jicho kwenye sindano, nikamwona, nikasema jambo la kwanza lililonijia: "Ni kifaa cha kufundishia, mheshimiwa. Tunahesabu mishono." Watoto 94, Mungu awabariki, wakaitikia pamoja: "Mojaaa, mbiliii..." Walihesabu mpaka mia na arobaini kabla hajaondoka.

Mgongo ukaisha, kifua kikaisha, ikabaki mikono. Mama yangu, aliyezaliwa mji huu ulipokuwa bado unaitwa Costermansville, akafundishwa na masista na baadaye akawa anafumia spoki za baiskeli sindano zilipokosekana, alinilea katika sheria moja: mkono unaufuma kutoka begani kushuka. Unaokota mishono palipo na bega, unateremka hadi kiganjani na kufungia huko. Mtoto akikua, unafumua ukingo tu na kuongeza. Nikaifuata sheria. Mkono wa kuume, safu 112. Mkono wa kushoto, safu 112. Nilizihesabu mara mbili, nikaandika nyuma ya karatasi ya imla ya mtoto.

Kisha nikaipima. Kulia sentimita 43, kushoto 51.

Nilikaa kitandani nikiangalia ile futi kama aliyesomewa hukumu. Safu ni zilezile, sindano ni zilezile, nambari 4. Nikakumbuka. Mkono wa kuume niliufuma kwenye mikutano ya walimu, ile ya Oktoba, tulipokuwa tukijadili madawati yasiyokuwepo. Kila neno la mkutano nilikuwa nalivutia kwenye uzi. Mishono ilikuwa imebana kama meno ya mtu anayesikiliza ahadi. Wa kushoto niliufuma usiku, nimelala nusu, karatasi za imla zikiwa zimenifunika miguu, na mishono yake ilikuwa imelegea ikipiga miayo. Muda wa kufumua na kuanza upya haukuwepo. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa mama mkwe akafika kutoka Uvira. Uvira kwao, kando ya Ziwa Tanganyika, ni joto mpaka kuku wanatafuta kivuli. Yeye alikuwa amepanda kona zote za milima ya Ngomo na kutua Bukavu katika mvua, na kigauni chepesi. Alikuwa akitetemeka. Kabla sijasema karibu, aliona shali yake kikapuni, nusu yake tu, sindano zikiwa bado ndani. Akaichukua, akajifunika mabegani. "Asante, binti yangu. Nzuri sana." Nikamwambia haijaisha, mama. Akasema imetosha. Sindano mbili zikawa zinaning'inia kifuani pake, na kila akigeuka zinagonga kikombe: ting. Nani atamvua mama mkwe nguo? Baba watoto alinitazama, nikamtazama, tukaenda jikoni kuchambua sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na umeme. Jenereta ya jirani tuliikodi kwa ajili ya muziki na taa, lakini ni jenereta ndogo, ukichomeka pasi inakohoa na kuzima. Kwa hiyo nikawasha pasi ya makaa ya marehemu bibi yangu, ile yenye jogoo kwenye kifuniko. Hesabu yangu ilikuwa hii: mkono wa kuume ni mfupi, nikiulowanisha, nikiuvuta na kuupiga pasi, utarefuka sentimita nane na mambo yamekwisha.

Kitambaa kibichi juu, pasi ikafuata. Ikatoka pumzi ya mvuke yenye harufu niliyoijua, ila sikukumbuka niliijulia wapi. Simu ikalia, ni mtu wa viti, anasema viti sitini vimekuwa arobaini. Niligombana naye dakika mbili nzima, na katika dakika hizo mbili pasi haikusogea. Niliponyanyua, mishono ilikuwa imelala chali, inang'aa kidogo. Nikapima: 51! Nikapiga kigelegele. Mama mkwe naye akajibu kigelegele kutoka sebuleni bila kujua cha nini. Ting.

Ila uzi wa akriliki ukishaungua hivyo unapoteza ule mruko wake, haujirudii tena. Nikautundika mkono ule kwenye msumari ukauke, na uzito wa maji ukafanya kazi yake kimyakimya. Saa tisa nilipovaa, mkono wa kuume ulishuka, ukapita vidole, ukaendelea na safari. Ulifika gotini. Binti yangu mkubwa aliingia, akatazama, akatoka, akarudi na mdogo wake ili naye aone.

Tuliukunja mara nne. Ukawa kama bandeji ya mtu aliyeanguka na pikipiki, na kweli wageni watatu wa kwanza walinipa pole.

Nikawa nasalimia watu kwa lene. Ungenipa mkono, ungeshika mkunjo. Mkunjo ungeanguka, na wewe ungebaki umeshika mkono wa triko, mimi nikiwa mbali ndani yake. Wanawake wa likelemba walikaa meza moja, hawakusema kitu. Walikuwa wanatafuna sambaza polepole na kunitazama.

Mvua ikaanza kupiga mabati wakati baba watoto akihutubia, kwa hiyo hotuba ya ndoa ya miaka 27 hakuna aliyeisikia hata neno. Tuliona mdomo tu. Nikakaa karibu na mama yangu. Bila kunitazama, akashika mkunjo ule kwa kidole gumba na shahada, akausugua.

"Ulipiga pasi."

"Hapana, Mama."

"Ulipiga pasi."

Akautafuta ukingo, akaipata ncha, akaikata fundo kwa meno. Umri wake ulikuwa miaka 73 na meno yale yalikuwa yake. Kisha akavuta. Trrrr, safu ya kwanza ikaondoka. Trrrr, ya pili. Kwa kuwa mkono ulifumwa kutoka begani, ukingo ulifumuka bila kinyongo, na mama akawa anaviringisha uzi kwenye vidole vinne kama ambaye hana haraka yoyote duniani. Nikamnong'oneza kwamba watu wanaangalia. Akasema, "Waache wajifunze."

Hapo ndipo muziki ulipowaka na nikaitwa kucheza. Mwenye siku hakatai. Nikasimama; mama akaachia uzi kidogo, kama mvuvi. Tukapanga mstari, mimi mbele, wageni nyuma yangu, tukazunguka meza ya keki, tukapita nyuma ya mkuu wa shule, tukaizunguka meza ya vinywaji, tukarudi. Niliposikia chupa zikigongana nikageuka. Uzi mwekundu ulikuwa umepita kifuani mwa mkuu wa shule, umezunguka mguu wa meza na kreti la Primus, na sasa ulikuwa unamkaribia mtu wa kinanda.

Mama akapaza sauti kuliko spika: "Rudi ulikopitia!"

Nikarudi. Kinyumenyume, matako mbele, nikijifumua kutoka kwenye kreti, kutoka kwenye meza, kutoka kwa mkuu wa shule, ambaye aliinua mikono juu kama anayepekuliwa. Sasa wageni waliokuwa nyuma yangu wakadhani ndiyo mtindo. Mstari mzima wa watu, pamoja na katekista wetu na mjomba mwenye fimbo, ukaanza kucheza kinyumenyume kuzunguka keki, na mtu wa muziki, alipoona hivyo, akaurudisha wimbo mwanzo. Mpaka leo ukienda kwenye harusi mtaani kwetu utawakuta watu wazima wakirudi nyuma kwenye wimbo wa tatu.

Nilipofika kwenye kiti, jasho likinitoka, mkono ulikuwa umepanda hadi kwenye kifundo cha kiganja, sawasawa kabisa na wa kushoto. Mapajani mwa mama palikuwa na mviringo mwekundu wa ukubwa wa embe. Mishono ilikuwa wazi pembeni, ikisubiri kufungwa, la sivyo ningekata keki huku nikiendelea kufumuka.

"Sindano," mama akasema.

Zangu zote zilikuwa chumbani, na mlango wa chumba ulikuwa umezibwa na viti vya ziada (ndiyo, vile ishirini vilikuja, saa moja baadaye). Mama akapeleka macho taratibu ukumbini. Yakatua kwenye kifua cha mama mkwe.

"Nambari ngapi zile?"

"Nne," nikasema, kisha nikaelewa. "Mama. Mama, tafadhali."

Alikuwa ameshainuka. Akamwendea mama mkwe, akamsalimu kwa mikono miwili, akamuuliza habari za Uvira, za safari, za magoti. Akampapasa bega kwa upendo. Akarudi na sindano mbili.

"Si alisema imetosha?" akaniambia, akaokota mishono ya mkono wangu, akaifunga mmoja baada ya mwingine bila kuhesabu, akakaza fundo. Akaupima kwa shubiri. "Mgongoni kuna mshono umeanguka. Ule wa mkutano."

Ikafika zamu ya mama mkwe kunibariki. Alisimama kwa heshima, shali mabegani, mishono sitini na kitu ikiwa wazi hewani bila sindano, na uzi wake wa mwisho ukiwa umelaliwa na mguu wa kiti. Akaanza kutembea kuja kwangu. Mama yangu akavuta sahani ya sambaza karibu, akakaa vizuri.