Bia, maktaba na kura: tumweke wapi Michael Thomas Bass?

Anayesafiri kwa treni kutoka London kwenda Paris hupandia stesheni ya St Pancras. Kabla ya kupanda hupita chini yake, penye maduka, mikahawa na madawati ya ukaguzi, katikati ya safu za nguzo za chuma. Nafasi kati ya nguzo na nguzo haikupimwa kwa ajili ya abiria. Mhandisi William Barlow, aliyeijenga stesheni hiyo iliyofunguliwa mwaka 1868, alitumia pipa la bia kama kipimo chake, ili mapipa yaliyoletwa kutoka mji wa Burton upon Trent yapangike bila kupoteza nafasi. Abiria walikaa juu, bia ikakaa chini.

Sehemu kubwa ya bia hiyo ilikuwa ya Bass. William Bass alianzisha kiwanda Burton mwaka 1777, na mjukuu wake Michael Thomas, aliyezaliwa 1799, akakikuza mpaka kikawa kikubwa kuliko vyote duniani, kikitoa takriban mapipa milioni moja kwa mwaka kufikia mwishoni mwa miaka ya 1870. Pembetatu yake nyekundu ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, chini ya sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1876. Mchoraji Manet alipochora baa ya Paris mwaka 1882, chupa zenye pembetatu hiyo zilikuwa juu ya kaunta.

Bass huyo ndiye aliyewapa wakazi wa mji wa Derby maktaba na makumbusho, yaliyofunguliwa 1879, pamoja na uwanja wa michezo na sehemu ya kuogelea. Wakazi wa Burton aliwajengea kanisa. Serikali ilipotaka kumfanya lodi alikataa, akabaki bwana Bass hadi alipofariki mwaka 1884. Basi swali waliloliuliza watu wa zama zake, na ambalo huzuka kila kampuni ya bia inapochimba kisima au kujenga darasa, ni hili: fedha ya pombe ikinunua vitabu, tuihesabu wema au malipo ya deni?

Waliosema ni deni hawakuwa wachache. Vuguvugu la kupinga pombe, likiongozwa na jumuiya ya United Kingdom Alliance iliyoundwa Manchester mwaka 1853, lilitaka wakazi wa kila mtaa wapewe uwezo wa kupiga kura na kuzifunga baa zao. Hesabu zilikuwa upande wao. Miaka ya 1870 unywaji wa bia nchini humo ulifika kileleni: zaidi ya galoni 30 kwa kila mtu kwa mwaka, na hapo mtoto mchanga naye kahesabiwa. Mshahara wa Jumamosi uliweza kuishia baa kabla mama hajauona. Kwa macho yao, tajiri wa bia alichukua shilingi kwa baba kisha akamrudishia mtoto senti, tena mbele ya bendi na hotuba. Hoja hii ni nzito, na kuijibu kwa kusema kwamba kila mtu hunywa kwa hiari yake ni kuikwepa.

Ila ina matundu. Maji ya miji ya wakati ule yaliua. Kipindupindu kilipofyeka mtaa wa Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alibaini kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani kabisa na pampu yenye maradhi walisalimika. Walikuwa na kisima chao, na walizoea kunywa bia waliyopewa kazini. Kwa vibarua wengi bia ilikuwa kinywaji cha mchana, kama chai kwetu. Isitoshe, bia ya Burton ilikuwa ghali kuliko bia za kawaida, kwa hiyo picha ya Bass akimkamua fukara wa mwisho haimkai sawasawa. Hakuwa kama Andrew Barclay Walker wa Liverpool, aliyemiliki kiwanda na baa zenyewe, kisha akaujengea mji huohuo jumba la sanaa mwaka 1877. Wapinzani wa Walker walikuwa na kazi rahisi: mlevi na mchoro walikuwa mtaa mmoja. Bass aliuza kupitia mawakala, kwenye baa ambazo nyingi zilikuwa za watu wengine.

Kwangu mimi, umbali huo unamtetea nusu na kumshtaki nusu. Bia ya Bass ilinywewa London, Manchester, hata India. Zawadi zake nyingi zikatua Derby na Burton. Mnywaji wa Manchester hakupata hata benchi la kukalia. Burton ni rahisi kuielewa, ndiko kilikokuwa kiwanda. Kwa nini Derby?

Kwa sababu alikuwa mbunge wa Derby. Uchaguzi wa mwaka 1847 wa mji huo ulibatilishwa kwa hongo, na Bass akaingia bungeni katika uchaguzi wa marudio wa 1848 kwa tiketi ya Waliberali. Alikaa miaka 35. Katikati ya muda huo, mwaka 1867, sheria iliwapa kura wanaume wengi wa tabaka la wafanyakazi mijini, watu ambao kesho yake wangefurahia uwanja wa michezo na maktaba. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Neno takrima tunalijua. Hata hivyo, ukitazama tarehe, shaka inapungua kidogo. Kura ya siri ilianza 1872, hivyo kufikia 1879 hakuna aliyeweza kumfuata mpiga kura hadi kwenye sanduku, na Bass, akikaribia miaka 80, kiti chake kilikuwa imara. Anayenunua kura hununua wakati anaihitaji.

Tena namna alivyotoa ina tofauti na wenzake. Mwaka 1840 mwenye viwanda Joseph Strutt aliwapa watu wa Derby bustani nzuri ya miti, lakini kwa miaka mingi iliingiwa bure siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine mtu alilipa, na ilikuwa ya kutembea na kutazama. Bass alitoa mahali pa kukimbia, kucheza na kuogelea. Kuhusu maktaba, tusisahau kwamba sheria ya 1855 iliruhusu halmashauri kutoza kodi ya peni moja kwa kila pauni ili kuendesha maktaba. Tajiri alitoa jengo; taa na mishahara zikabaki kwa mlipakodi. Jina likabaki la nani, hilo halina mjadala.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Mwaka 1864 alipitisha bungeni sheria dhidi ya wapiga muziki wa mitaani wa London, wengi wao Waitalia maskini waliobeba vinanda vya kuzungushwa kwa mpini. Mwenye nyumba akiwa na mgonjwa ndani, au sababu yoyote ya maana, angeweza kumwamuru mpigaji aondoke. Akikaidi, faini hadi shilingi 40 au jela hadi siku tatu. Mwanahisabati Charles Babbage, aliyekuwa akiteswa na kelele hizo, alishangilia. Kwa mgonjwa ni nafuu, sikatai. Lakini mtoto wa mtaa usio na ukumbi wala tamasha, muziki wake ulikuwa ule.

Mizani yangu inaelemea kwingine, kwenye jambo lisilo na jengo. Derby ilikuwa makao makuu ya reli ya Midland, kampuni ileile iliyosafirisha mapipa ya Bass na kujenga St Pancras. Wafanyakazi wa reli walifanya kazi saa 15 na zaidi kwa siku, na mtu wa ishara anayesinzia huua abiria. Bass alilisema hilo hadharani, akatoa fedha za kuwaunganisha, na mwaka 1871 kikazaliwa chama chao, Amalgamated Society of Railway Servants. Mteja mkubwa wa reli akiwachochea vibarua wa reli: wakurugenzi hawakuweza kumfukuza mlangoni.

Mwenye shaka atasema wengi wao walikuwa wapiga kura wake, na ni rahisi kutetea saa za kazi za wafanyakazi wa kampuni nyingine. Yote mawili ni kweli. Kwenye majumba ya kimea ya Burton, vijana wa mashambani wa Suffolk na Norfolk waliajiriwa kila mwaka baada ya mavuno, wakachaguliwa kwa nguvu za mwili, wakakaa msimu mzima wakibeba magunia ya shayiri na kuigeuza nafaka kwa sepetu kwenye sakafu yenye joto. Wengi walirudi kwao na suti mpya ya Burton, alama ya kwamba wamefika mjini. Kiwanda kiliwapa wafanyakazi bia na kuwapeleka pwani kwa treni maalumu. Huo ni ukarimu, lakini ni wa baba kwa watoto wake: anatoa akipenda.

Chama cha reli ni kitu tofauti, ingawa mwanzoni kilikuwa kipole na kiliogopa mgomo. Maktaba humfanya mpokeaji abaki mpokeaji. Chama humpa uwezo wa kumkatalia hata aliyekianzisha. Tawi lake la Doncaster ndilo lililotoa hoja ambayo, baada ya kupita kwenye mkutano mkuu wa vyama vya wafanyakazi mwaka 1899, ilizaa mwaka uliofuata kamati iliyokuja kuitwa chama cha Labour, chama kilichowaondoa Waliberali kwenye nafasi yao katika siasa za Uingereza. Sidhani kama Bass angekipigia kura.