Kangomba ya nyimbo

Wiki iliyopita bosi wangu hapa saluni, Hamburg, kaingia na bahasha mkononi kanuna kama kadaiwa kodi ya nyumba, kumbe ni bili ya redio. Si ya umeme jamani, ya redio. Ile ndogo juu ya kabati la mataulo, inayopiga nyimbo ambazo hakuna mteja anayezisikiliza, inalipiwa! Kuna chama kinaitwa GEMA, ukipiga muziki penye wateja, iwe saluni, baa au duka la viatu, unakilipa na chenyewe kinawagawia watunzi. Hata masoko ya Krismasi yakifungulia spika yanalipa. Bosi kasonya, kalipa, redio ikaendelea.

Mimi nikaganda na mashine mkononi. Maana wenzangu wa stendi ya Masasi mnajua nilikuwa nafanya nini kabla sijaondoka. Kibanda, kompyuta moja ya mezani, na bango la kuandika kwa mkono: TUNARUSHA NYIMBO. Kujaza memori kadi buku, wimbo mmoja mmoja tunaelewana. Foda langu la "Wa Kusini" lilikuwa na vijana wa Newala, Nachingwea, Lindi mjini, wote, na hakuna hata mmoja aliyeona senti yangu. Siku moja kaja mmoja wao mwenyewe, simu imeibiwa na wimbo umeenda nayo, akauona kwenye foda langu akafurahi kweli, "kaka kumbe ninao hapa!" Nikamrushia. Nikamchaji mia tano. Akalipa, na asante juu.

Sasa najua komenti zinazokuja. "Kashakula mkate wa Wazungu huyo, anatuona washamba." "Watu hela za korosho hazijaingia we unatuletea hakimiliki." Subirini kwanza. Kangomba tunaijua hatuijui? Mtu akija na kisado chake akazoa korosho za mama yako kwa bei ya kutupa si mnapiga kelele mpaka mkuu wa wilaya anasikia? Basi mimi nilikuwa nafanya kangomba ya nyimbo, tena wa korosho ana afadhali, anaacha chochote.

Na msiniambie sheria hatuna. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ipo, mtunzi akifa kazi yake inalindwa miaka 50 mbele (huku ni 70), na wala haki haisubiri cheti, inaanza pale pale kazi ikishatengenezwa. Kwa hiyo yule dogo haki yake alikuwa nayo kamili wakati amesimama kibandani ananihesabia sarafu. Mimi sijui, yeye hajui, mgambo wa stendi ndo kwanza anasubiri zamu yake ya kujaziwa kadi.

Sio kwamba huku peponi, Wajerumani nao wamezidi, kuna siku nahisi hata nikipiga mluzi kazini nitaletewa bahasha. Lakini lile la mia tano limenikaa.

Nikamtafuta dogo, siku hizi anaendesha bodaboda. Nikamtumia elfu hamsini kwenye simu. Hata dakika tano hazijaisha kapiga: "Kaka, hujakosea namba?" Nikamwambia hapana, hizo za ule wimbo wako.

"Wimbo gani?"