Sungura Haitikii Salamu

Sasa huyu wakala wa kazi za nje kanitumia ujumbe mwingine: "Video hairidhishi. Mwombaji aongeze furaha." Furaha! Uso uko ndani ya godoro, furaha niitolee wapi, magotini?

Kazi yenyewe ni ya kuvaa vazi la mnyama na kuchezesha watoto kwenye bustani ya michezo huko Uarabuni. Nami si mtu wa kuokota. Mji huu wa Bagamoyo una chuo cha sanaa tangu 1981. Rusha jiwe Dunda utampata msarakasi, likimkosa litampata aliyebakiza viza tu aende Ulaya.

Pasipoti sizungumzii, mnaijua. Picha, mpiga picha kanitakatisha mpaka mama mzazi kauliza huyu nani. Urefu nimepimwa na fundi cherehani, akaandika wa suruali. Na urefu ndio kila kitu. Hata Disneyland ya Marekani, iliyofunguliwa 1955, ukitaka kuwa mnyama wao wanatazama kimo chako, maana vazi lina saizi yake. Ukishavaa kichwa, kuongea marufuku, na kukivua mbele ya watoto ndiyo usithubutu.

Basi nikakata godoro la wageni, inchi sita, nikashona kichwa cha sungura, masikio nikayatia waya. Alasiri nikatoka nacho kwenda ufukweni kufanya mazoezi. Njia ni moja tu, inapita barazani kwa wazee wa kahawa.

"Nani huyo?"

Kimya. Nikapunga mkono kama inavyotakiwa kikazi.

"Ala! Shikamoo hana, mkono anao!"

Jamani, mimi nimelelewa. Nikaweka mkono kifuani, nikainama shikamoo ya vitendo. Sikio la kushoto likazoa vikombe viwili na sahani ya kashata.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Kwa masikio hayo, ni wa upande wa mama yake."

Mmoja akasema ni bubu. Mwingine akasema bubu angetoa hata mguno, hili ni pepo, liandikiwe kombe. Wa tatu, aliyekuwa anakung'uta kahawa kwenye kanzu, akauliza ni pepo gani linavaa godoro lenye nembo ya kiwanda. Mkubwa wao akanyanyuka na bakora: "Kama ni mtu, toa shikamoo. Kama siye, tunakusomea."

Jasho limeshaingia machoni, waya unanichoma utosini, na watoto wamejaa uchochoro mzima. Nikivua kichwa, nimevunja sheria ya kazi. Nikinyamaza, nimevunja ya nyumbani. Nikanyamaza. Wakaanza kusoma. Sasa mtu unaondokaje katikati ya dua yako mwenyewe? Nikasimama, viganja nimevifungua, masikio yameinama, tukafika Amina.

Hapo ndipo mke wangu akapita na ndoo. Hata hakupunguza mwendo. "Baba watoto, ukimaliza kusomewa, unga umekwisha."

Baraza zima likaangua kicheko. Isipokuwa mzee wa kanzu. Yeye anadai vikombe vyake mpaka leo, na kashata anaihesabu kwa bei ya Ramadhani.

Lakini nikiwaza, moyo unaniuma. Najua kupiga msondo, napanda juu ya mabega ya watu watatu, natembea kwa mikono kutoka Boma la Wajerumani mpaka soko la samaki. Kote huko hakuna aliyenilipa. Imepatikana ya kulipwa, sharti lake ninyamaze! Na hata hiyo wakala anataka kwanza ada ya fomu, isiyorudishwa. Fomu ni karatasi moja, tena imepigwa kopi ikakata jina la nchi.

Na usaili wenyewe uko Dar. Nimepanda basi la Makumbusho na kichwa changu mapajani, konda anasema hicho ni mzigo, kilipiwe. Nimelipa. Kufika Bunju kapandisha mama na matenga mawili ya dagaa, ananiambia, "Kaka, msogeze sungura huyo, mama akae." Nimemlipia kiti, asogee aende wapi? Na dagaa mbona hawakulipa?