Makombo ya ndege yasivuke uzio

Jumamosi iliyopita nilikwenda kununua vitoto viwili vya nguruwe kwa mzee mmoja anayeishi jirani na uwanja wa ndege. Uwanja gani, naacha, maana sitaki mtu aliyenikaribisha kwake vizuri agongewe mlango kwa sababu yangu. Nguruwe wake wamenona hadi ngozi zinang'aa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, unawapa nini hawa?" Akanipeleka nyuma ya banda, akafunua ndoo tatu za lita 20.

Wali, mikate midogo iliyong'atwa mara moja, vipande vya soseji vimegandamana na foili, vijidude vya siagi vyenye maandishi ambayo sikuweza kuyasoma. "Chakula cha ndege hicho, mwanangu. Kuna kijana ananiletea kila asubuhi." Alisema kwa fahari, na simlaumu hata kidogo. Kila anayefuga anajua pumba inauzwaje siku hizi.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na tangu siku hiyo hatari ya makombo yale haijanitoka kichwani.

Nilipokuwa darasa la sita mama alikuwa na nguruwe 11. Jumatatu jike mmoja aligoma kula. Jumatano masikio yalikuwa yamegeuka zambarau, na wengine wamelala wakihema. Jumapili ya pili hapakuwa na hata mmoja. Bwana mifugo alikuja, akasimama mlangoni mwa banda, akasema neno moja: homa. Tukachimba shimo siku nzima. Ada ya kaka yangu ilikuwa ndani ya lile shimo, na mama hakufuga tena.

Homa ya nguruwe haina dawa. Nguruwe wa kufugwa akiipata, karibu wote bandani huisha. Binadamu haimdhuru, na hapo ndipo hatari ilipo: abiria anakula ham, yaani paja la nguruwe, iliyotoka kwa nguruwe mgonjwa, hadhuriki, anabakiza kipande, na kirusi kinabaki hai ndani ya kile kipande. Nyama iliyokaushwa kwa chumvi hukihifadhi kwa miezi, iliyogandishwa zaidi ya hapo.

Na ugonjwa wenyewe ni wa huku kwetu. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921, nchini Kenya, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Ngiri wa porini huishi nao bila kuumwa, na papasi wanaokaa kwenye mashimo yake huupokea na kuupitisha. Ungeweza kubaki huku miaka mingi. Mwaka 1957 ukatokea Lisbon, kwenye mabanda yaliyokuwa karibu na uwanja wa ndege, ambako nguruwe walikuwa wakilishwa makombo yaliyoshushwa kwenye ndege. Ndoo zilezile nilizofunuliwa Jumamosi. Wareno wakaua mifugo, wakadhani wamemaliza. Mwaka 1960 ukarudi, na safari hiyo Ureno na Uhispania zilihangaika nao kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1978 ukazuka Brazili, si mbali na Rio de Janeiro, na chanzo kilichotajwa kikawa makombo ya ndege zilizotoka Ulaya. Mwaka 2007 ukaingia Georgia karibu na bandari ya Poti, safari hii taka za meli zikishukiwa, na kirusi chenyewe kilifanana na kile cha Msumbiji, Madagaska na Zambia. Kutoka hapo ukaenda Urusi, na mwaka 2018 ukafika China.

Wenzetu walijifunza kwa kufukia mifugo. Ulaya, makombo ya ndege iliyotoka nje ya Umoja wao huwekwa kwenye kundi la hatari kubwa kabisa: yachomwe, au yafukiwe kwenye dampo lenye kibali. Marekani yanachomwa, au yanapikwa kwa nyuzi 100 kwa dakika 30 kabla ya kuchanganywa na taka nyingine. Sisi tulioupa ulimwengu ugonjwa huu tulipaswa kuwa wakali kuliko wote.

Tuna uwezo wa kuwa wakali. Juni 2019, hapa Tanzania, tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, serikali ilitangaza kuwepo meza maalumu viwanjani ili mgeni auache mfuko wake kabla ya kuingia nchini. Nililiunga mkono na bado naliunga. Lakini mfuko wa mgeni unazuiwa mlango wa mbele, na soseji yake inatoka mlango wa nyuma ndani ya ndoo isiyo na kifuniko.

Nakubali kwamba kutupa chakula kunauma, hasa kwa aliyewahi kulala njaa. Nakubali pia kwamba taka ni nyingi: IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilikadiria taka za ndani ya ndege kwa mwaka 2016 kuwa tani milioni 5.2 duniani kote, na tanuri la kuchomea si kitu cha bei rahisi. Basi tuanze kwa kutenganisha. Mifuko ya ndege za kimataifa iwe na rangi yake, ifungwe ndani ya ndege, ipimwe uzito inaposhuka na ipimwe tena mbele ya tanuri, ili kilo zikipungua njiani ijulikane. Makombo ya safari za ndani yana mjadala wake, siutaki leo. Na atakayesema basi yamwagwe kwenye dampo la jirani, akumbuke kunguru na korongo wanaokusanyika dampo, halafu aangalie ndege ya abiria inavyoruka juu yake na inavyoweza kugongana nao.

Kijana wa ndoo naye asisahauliwe. Anashika taka za watu mia mbili kwa mikono mitupu. Akikatazwa kuuza bila kupewa glavu na mshahara unaotosha, atauza usiku.

Jana nilimpigia yule mzee. Nikamsimulia habari za nguruwe wa mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikiyachemsha je?" Nikamwambia bora ayaache kabisa, lakini kama hana namna, yatokote nusu saa nzima huku akikoroga, na ndoo mbichi isikaribie banda. Akasema gunia la mkaa limepanda tena, ataona. Ana majike manne, na wawili wana mimba.